Bajeti ya Kaunti Huamuliwa Februari, Si Juni

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*



Ujumbe huu ni mrefu kuliko tangazo la kawaida la mkutano. Tunaomba usomwe hadi mwisho, na aliye na mzee nyumbani au jirani asiyetumia simu ya aina hii amsomee. Jambo lenyewe linahusu pesa zetu sote, na muda uliobaki ni mfupi.

Mchujo wa kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027 umeanza kunukia. Wanaotaka kiti cha wadi wanaonekana matangani, harusini na kwenye mechi za vijana, kila mmoja na bahasha yake. Na katika mazungumzo yetu mizani ni ile ile: huyu MCA hachangi, huyu hapokei simu, yule mwingine ana mkono wazi.

Kamati ya tawi imekaa na kukubaliana kwamba mizani hiyo ni mbovu. MCA hatukumpeleka kwenye bunge la kaunti akawe mfadhili. Tulimpeleka akapige kura juu ya pesa zetu, kisha akague zilivyotumika. Kura iliyo nzito kuliko zote hupigwa kila mwaka kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Machi, wakati ambapo karibu hakuna mwananchi anayemwuliza chochote. Hapo ndipo tunataka kumpima, na hapo ndipo tunataka wanachama wafike.

*1. Kazi aliyotumwa*

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti zote 47 serikali zenye mikono miwili. Mkono wa kwanza ni gavana na mawaziri wake wa kaunti, ambao hutekeleza. Wa pili ni bunge la kaunti, ambalo hutunga sheria, hupitisha mipango na bajeti, na huwachunguza wanaotekeleza. Humo huketi wawakilishi waliochaguliwa, mmoja kwa kila wadi, pamoja na walioteuliwa kupitia orodha za vyama ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, na ili watu wenye ulemavu, vijana na jamii zilizotengwa wapate sauti. Spika huchaguliwa na wawakilishi hao, lakini hatoki miongoni mwao. Muhula ni miaka 5.

Nguvu ya bunge hilo si ndogo. Waziri wa kaunti haingii ofisini kabla ya kuidhinishwa nalo. Kamati zake zinaweza kumwita mtu yeyote aje kutoa ushahidi na kuleta stakabadhi, kwa mamlaka kama ya Mahakama Kuu. Likiona gavana amevunja Katiba, linaweza kupitisha hoja ya kumng'oa na kuipeleka Seneti. Hivyo ndivyo Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi walivyopoteza viti vyao mwaka 2020.

Sasa tazameni kile ambacho sheria inamkataza mwakilishi. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema asijihusishe, moja kwa moja wala kwa kuzunguka, na kazi za utekelezaji za serikali ya kaunti, wala asitoe huduma kana kwamba ni mfanyakazi wake. Kifungu hicho hicho kinamtaka awe karibu na wapiga kura, ashauriane nao juu ya mambo yaliyo mbele ya bunge, na afikishe maoni yao huko.

Maana yake ni kwamba MCA anayechagua mkandarasi, anayesimama kwenye barabara kuhesabu malori ya murram, au anayegawa kazi za kibarua, anafanya kazi ya mtu mwingine. Yeyote aliyewahi kushika vitabu vya hesabu, hata vya chama cha akina mama cha kuweka na kukopa, anajua kwamba anayetia saini hundi hawezi kuwa ndiye mkaguzi. MCA akishakuwa mgawaji, tumebaki bila mkaguzi.

*2. Kalenda ya pesa*

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kabla haujaanza, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga safari ndefu. Tunaomba tarehe hizi ziandikwe mahali:

- Septemba 1: waziri wa kaunti anayehusika na mipango awe amewasilisha bungeni Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, wenye orodha ya miradi inayokusudiwa.
- Februari 28: Waraka wa Mkakati wa Fedha wa kaunti uwe umefika bungeni. Waraka huu huweka ukomo, yaani kiwango cha juu ambacho kila idara itapata: afya kiasi hiki, maji kiasi hiki, barabara kiasi hiki.
- Siku 14 baada ya hapo: bunge liwe limeujadili na kuupitisha, likiwa na uhuru wa kuurekebisha.
- Aprili 30: makadirio ya bajeti yenyewe yafike bungeni.
- Juni 30: bajeti iwe imepitishwa.

Wananchi wengi huitwa kutoa maoni Mei au Juni, wakati wa makadirio. Viti vinapangwa, maji ya chupa yanagawiwa, watu wanasema wanataka kisima na wanataka daraja. Lakini kufikia siku hiyo mlango umeshafungwa karibu wote. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema bunge likifanyia marekebisho makadirio, nyongeza au punguzo katika fungu la idara lisizidi asilimia 1 ya ukomo wake. Na sheria inaongeza kwamba ukizidisha hapa, lazima upunguze pale.

Tupige hesabu. Tuseme idara ya maji imewekewa ukomo wa shilingi milioni 300, na kaunti ina wadi 30. Asilimia 1 ni milioni 3. Ukizigawa sawa kwa wadi 30, kila moja inapata shilingi 100,000. Kisima hakichimbwi kwa pesa hizo. Wanaokwenda kwenye kikao cha Juni kupigania maji wanapigania laki moja, wakati mamilioni yaligawanywa Machi.

Ndiyo sababu tunasema bajeti huamuliwa Februari. Sheria inaitaka hazina ya kaunti itafute maoni ya wananchi wakati inapoandaa Waraka wa Mkakati. Si hisani ya afisa yeyote. Waliozoea kuja Juni wataambiwa kwa adabu kwamba maoni yao yamepokelewa, na yataishia hapo. Ajizi nyumba ya njaa.

*3. Jengo bila muuguzi*

Tuchukue mfano ambao katika kaunti nyingi watu wanaujua: zahanati imejengewa chumba cha kujifungulia. Ukuta umepakwa rangi, bamba la ufunguzi limebandikwa, mlango una kufuli. Kina mama bado wanapakiwa kwenye bodaboda usiku kupelekwa hospitali ya mbali. Kila mtu anauliza aliyekula pesa ni nani, na pengine hakuna aliyekula hata senti moja ya ujenzi ule.

Tatizo liko kwenye mafungu. Jengo hulipwa na fungu la maendeleo. Muuguzi, dawa, umeme na maji hulipwa na fungu la matumizi ya kawaida. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo katika kipindi cha mpango, na kanuni zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato. Kwa hiyo nafasi ya kuajiri ni finyu, na lazima iombewe mapema. Mwakilishi akipigania jengo bila kuuliza ukomo wa mishahara ya afya utakuwa kiasi gani mwaka unaofuata, amepigania kufuli.

Swali hilo moja, likiulizwa Februari ndani ya Kamati ya Bajeti, lina faida kwa mama mjamzito kuliko harambee kumi. Halipigwi picha wala halishangiliwi, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Pesa zenyewe zipo. Mgao sawa wa kaunti zote kutoka serikali ya kitaifa ulikuwa shilingi bilioni 370 mwaka wa fedha wa 2021/22, na mwaka wa 2025/26 ukawekwa bilioni 415. Juu ya hizo kuna mapato ya kaunti yenyewe: ushuru wa soko, leseni, kodi za ardhi, ada za hospitali. Kila mama muuza samaki anayekatiwa tiketi ya soko asubuhi ana hisa katika hesabu hiyo.

*4. Wanaosema tofauti*

Tumesikia hoja za wanachama wanaoliona jambo hili kwa jicho jingine, na hatutazipuuza.

Wapo wanaosema: mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo leo, hawezi kungoja Februari. Ni kweli, na mzazi anayemwendea MCA kwa shida kama hiyo hana kosa. Lakini tuwe wazi juu ya mipaka. Katiba imeipa kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ni jukumu la serikali ya kitaifa. MCA anayetoa karo mfukoni atasaidia watoto watano au kumi. Yule yule akisimamia vizuri fungu la chekechea, atasaidia watoto wote wa wadi. Na tujiulize pia pesa za mfukoni zinatoka wapi mshahara unapokwisha. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na mkono unaolazimika kujaa kila wikendi utajazwa na mtu, naye atataka zabuni.

Wapo wanaosema: dawa ni kutenga pesa za wadi, kila MCA apewe fungu lake. Kuna sehemu ambako mvutano wa namna hiyo umekwamisha kaunti nzima. Makueni mwaka 2014 gavana na wawakilishi walishindana juu ya bajeti hadi risasi zikasikika Wote. Tume iliyoundwa ikapendekeza serikali ya kaunti ivunjwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja. Hapa Pwani, mwaka 2019, gavana wa Taita Taveta, Granton Samboja, alianzisha ukusanyaji wa saini za kuvunja serikali ya kaunti baada ya kutoelewana na bunge juu ya pesa za wadi. Tofauti zao hatuzihukumu sisi. Tunachosema ni kwamba wadi inaweza kupata haki yake ndani ya mafungu ya idara, bila mwakilishi kushika kijiko.

Na wapo wanaosema: hata tukienda, hawatusikilizi. Kwa hilo tunajibu kwa mfano wa Kiambu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ilikubali kwamba kushirikisha watu si kutimiza desturi tu, lazima kuwe kwa kweli. Kesi ile ilishinda kwa sababu kuna watu walifuatilia, wakaweka karatasi zao, wakadai. Asiyekuwepo na asiyeandika hana la kuonyesha mahakamani.

*5. Gavana wetu, MCA wetu*

Hapa tunasema jambo ambalo baadhi ya viongozi wa juu hawatalipenda. Gavana ni wa chama chetu. MCA wa wadi hii ni wa chama chetu. Kiranja wa wengi ni wa chama chetu. Tumesikia ikisemwa kwamba MCA anayehoji bajeti ya gavana ni msaliti wa chama.

Tawi hili linakataa kauli hiyo. Katiba, katika Kifungu cha 185, imelipa bunge la kaunti kazi ya kuichunguza serikali ya kaunti, na haikusema isipokuwa pale gavana na wawakilishi wanapovaa rangi moja. Bajeti inayopita bila swali hailindi chama. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutakiwa kukamilisha ripoti ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia Disemba 31, na bunge hutakiwa kuijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi 3 baada ya kuipokea. Ripoti hizo ndizo zitakazosomwa na wapinzani wetu kwenye majukwaa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Safari hii habari itatoka, na itatoka wakati wa kampeni.

Mwakilishi anayesimama Machi na kusema, "Mheshimiwa Spika, ukomo huu wa afya hautoshi kuajiri wauguzi wa zahanati zilizokwisha jengwa," anakifaa chama kuliko anayepiga makofi. Tunamwomba MCA wetu ausome ujumbe huu kama wa watu wake. Akihoji kwa hoja na tarakimu, tawi litasimama nyuma yake, hata akiitwa makao makuu kujieleza. Akinyamaza, tutamuuliza kwa nini.

*6. Tulichoamua*

Kamati ya tawi imepitisha haya:

Kwanza, kila kijiji kilete ombi moja la maandishi kabla ya Februari 15. Ombi liseme mahali, idadi ya kaya zitakazofaidika, na kama kinachohitajika ni kujenga, kukarabati, au kupeleka watumishi na vifaa. Ombi moja, si orodha ya kumi. Kamati itayaunganisha, itatia saini, na itayapeleka kwa hazina ya kaunti na kwa karani wa bunge, kisha itabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Pili, Waraka wa Mkakati ukishafika bungeni, MCA aalikwe kwenye mkutano wa tawi kabla ya kuupigia kura. Aje na karatasi ya ukomo wa idara, atuonyeshe afya, maji, barabara na chekechea zimepewa nini ukilinganisha na mwaka uliopita. Baada ya kura, atueleze alivyopiga na sababu yake.

Tatu, wanachama watano, wakiwemo angalau wanawake wawili na kijana mmoja, waende kuketi kwenye eneo la wageni la bunge siku ya mjadala huo. Katiba inasema vikao vya bunge la kaunti viwe wazi kwa umma, isipokuwa Spika aone kuna sababu nzito ya kufunga milango. Nauli italipwa na mfuko wa tawi na hesabu yake itasomwa mkutanoni.

Nne, ombi letu likipuuzwa, tutaandika malalamiko rasmi kwa bunge. Sheria ya Serikali za Kaunti, Kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake.

Tano, kila anayetaka tiketi ya wadi ya chama chetu ataitwa mbele ya wanachama na kuulizwa maswali matatu: ukomo wa bajeti unawekwa lini na nani, ripoti ya mwisho ya Mkaguzi Mkuu ilisema nini juu ya kaunti yetu, na utafanya nini gavana wa chama chako akileta bajeti isiyotufaa? Bahasha zibaki nje ya mlango wa tawi. Atakayegawa pesa kwenye mkutano huo jina lake litaandikwa kwenye kumbukumbu na kupelekwa kwa bodi ya uchaguzi ya chama.

Hatuwaahidi kwamba kisima kitachimbwa mwaka huu, au kwamba mlango wa zahanati yoyote utafunguliwa Julai. Wadi nyingine nazo zina shida zao na pesa ni zile zile. Tunachowaahidi ni kwamba safari hii ombi la wadi yetu litakuwa mezani kabla ya mafungu kugawanywa, likiwa na tarakimu na saini, na tutajua kwa jina aliyelipigania na aliyelikalia kimya.

Viongozi wa vijiji waanze mikutano yao wiki hii. Fomu ya ombi inapatikana kwa katibu, na asiyeweza kuandika aje asaidiwe. Mwenye swali aulize kwenye mkutano wa Jumapili, si pembeni.

Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi